Gia na difu hununuliwa pamoja: nilivyomtia hasara binamu yangu

Nimepotea wiki kadhaa, na kabla hamjaanza kueneza kwamba nimeoa ama nimepata kazi Dubai, niseme tu kwamba nilikuwa nimezama katika jambo lisilohusiana kabisa na programu ninazolipwa kuandika. Nilikuwa nasoma habari za gia na difu. Naam, gia na difu za gari la Kimarekani la mwaka 1970, gari ambalo sijawahi kulikalia wala kuligusa kwa mkono wangu.

Gari hilo ni Chevrolet Chevelle Malibu, na mwenyewe ni binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayeishi Texas karibu na jiji la Austin. Yeye ni muuguzi wa zamu za usiku. Alilinunua mwaka 2021 kwa pesa alizodunduliza miaka mingi, na hata kama angetamani kuja nalo nyumbani, sheria yetu ya magari yaliyotumika haitaki gari lililozidi miaka minane, sembuse hili la miaka hamsini lenye usukani kushoto. Kwa hiyo linakaa huko, nami huonyeshwa kwa video, kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa ndugu aliyezaliwa ng'ambo.

Leo nina maoni makali kidogo, na nina haki ya kuwa nayo kwa sababu nimeyalipia. Tuseme ukweli: binamu ndiye aliyelipa. Maoni yenyewe ni kwamba mtu anayeboresha gari la aina hii asinunue giaboksi kama kitu kimoja na difu kama kitu kingine. Ni mtambo mmoja uliokatwa vipande viwili na kuunganishwa kwa propela. Na hesabu yake haianzi kwenye injini. Inaanza chini kabisa, pale tairi inapogusa lami.

Kwa wasioyajua magari haya, Wamarekani huyaita magari ya misuli. Ni gari la kawaida la ukubwa wa kati lililotiwa injini kubwa kupita kiasi. Wengi huhesabu mwanzo wake kutoka Pontiac GTO ya 1964, na kilele chake ni 1970, mwaka ambao Chevelle SS yenye injini ya LS6, ya ujazo wa inchi 454, iliuzwa ikiandikwa nguvu farasi 450. Baada ya hapo mambo yalipoa haraka. General Motors ilipunguza mgandamizo wa injini zake mwaka 1971, mafuta yakaadimika 1973, na 1974 Marekani nzima ikawekewa kikomo cha maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 88.

Ya binamu si SS. Ni Malibu ya mwananchi wa kawaida, injini ya 350, nguvu farasi 250 kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi kwa sababu siku hizo injini ilipimwa ikiwa peke yake mezani, bila silensa ya gari na bila mizigo mingi ambayo injini huivuta ikishafungwa garini. Hata hivyo ina nguvu. Tena alipoinunua tu, kabla hajaniuliza lolote, aliipeleka ikafunguliwa na kutiwa kemshafti kubwa zaidi. Hapo ndipo wengi huanzia: injini kwanza. Kemshafti hiyo huimba vizuri ukishapita mizunguko 2,200 kwa dakika, lakini chini ya hapo injini hutetemeka kama mtu mwenye homa. Mkumbuke hiyo namba, tutairudia.

Sasa, gari lilikuwa na giaboksi ya otomatiki ya gia tatu, Turbo-Hydramatic 350. Uwiano wa gia zake ni 2.52, 1.52 na 1.00. Nyuma kulikuwa na difu ya 2.73. Kama umewahi kuendesha baiskeli ya gia unajua maana yake. Gia nyepesi inakupandisha kilima lakini kwenye tambarare unapiga pedali kama kichaa bila kwenda popote. Gia nzito inakukimbiza kwenye tambarare lakini ukitaka kuondoka ukiwa umesimama, magoti yanalia. Difu ya 2.73 ni nzito: propela inazunguka mara 2.73 ili tairi izunguke mara moja. Ukizidisha na gia ya kwanza unapata 6.88, na hiyo ndiyo idadi ya mizunguko ya injini kwa mzunguko mmoja wa tairi wakati wa kuondoka. Kwa gari la karibu tani moja na nusu hivi, hiyo ni kidogo.

Mwaka 1970 mnunuzi alilazimika kuchagua. Akitaka gari linaloondoka kama risasi alichukua difu ya 4.10 na kukubali kelele barabara kuu, kwa maana gia ya mwisho ya giaboksi zile ilikuwa 1.00 na basi. Akitaka safari tulivu alichukua 2.73 na kukubali uzembe kwenye taa. Dawa ya ugomvi huo ilikuja kwa wingi miaka ya 1980: ovadraivu, yaani gia ya mwisho iliyo chini ya 1.00, ambapo propela inazunguka haraka kuliko injini. Ukiwa nayo unaweza kuweka difu nyepesi nyuma na bado ukasafiri kwa utulivu. Lakini angalia sentensi hiyo vizuri. Ovadraivu inakuruhusu kuweka difu nyepesi. Haina maana yoyote ukiiacha difu nzito pale pale.

Mwaka 2023 binamu akanipigia. "Kaka, wewe ndiye mtu wa kompyuta. Nifanyie hesabu, nataka kubadilisha giaboksi. Barabara za huku watu wanaenda 75, na ile ya 130 ni 85." Hapo alisema kweli. Barabara ya jimbo namba 130, inayopita mashariki mwa Austin, ina sehemu yenye kikomo cha maili 85 kwa saa, kama kilomita 137, tangu 2012, na hakuna kikomo kikubwa kuliko hicho Marekani yote.

Uchaguzi wa giaboksi ulitupa raha. Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa Muncie, ile ya gia nne za mkono iliyotengenezwa kuanzia 1963 hadi 1974, hasa M22 ambayo meno yake yamekatwa kwa mlazo mdogo hivyo inapiga mluzi barabarani, na wenyewe wanaupenda mluzi huo. Nilimwambia wazi kwamba Muncie ni kununua kumbukumbu. Gia ya nne ni 1.00, hakuna ovadraivu, kwa hiyo tatizo lake lingebaki vile vile huku pesa zimeenda. Kama angetaka gia za mkono kwa matumizi ya kila siku, ningemwambia achukue Tremec TKX, iliyochukua nafasi ya TKO. Ina gia tano, ya kwanza 2.87 na ya tano 0.68, na umbo lake limekusudiwa kuingia kwenye magari haya ya zamani bila kukatakata sakafu sana. Mwenye nguvu za kupindukia na mfuko mrefu achukue T-56 Magnum ya gia sita. Lakini mtu anayetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi na kuingia kwenye msongamano wa barabara ya 35 hataki kukanyaga klachi mara mia mbili kabla ya kulala. Tukabaki na otomatiki.

Kwa upande wa General Motors zipo mbili zinazoendeshwa na kebo bila kompyuta: 700R4 iliyoanza 1982, na 200-4R iliyoanza 1981. (Mimi, kwa ugonjwa wangu wa kazi, nilitaka 4L60E, ambayo ni 700R4 inayoongozwa kwa umeme, ili niandike kitu. Binamu alikataa kununua kompyuta ya kuendesha gari ambalo halina hata redio inayofanya kazi. Alikuwa na haki.) 700R4 ina 3.06, 1.63, 1.00 na 0.70. 200-4R ina 2.74, 1.57, 1.00 na 0.67. Watu hutazama gia ya kwanza peke yake na kusema 700R4 ni bora. Mimi nawaambia tazameni pengo. Ukitoka gia ya kwanza kwenda ya pili kwa mizunguko 5,000, kwenye 700R4 injini inaanguka hadi kama 2,660. Kwenye 200-4R inaanguka hadi 2,865, na kwenye ile ya zamani ya gia tatu hadi 3,016. Injini ya kemshafti kubwa haipendi kuangushwa hivyo. Zaidi ya hayo 200-4R ina urefu karibu sawa na Turbo 350, hivyo mara nyingi propela haikatwi, wakati 700R4 imezidi kwa karibu inchi 3, propela lazima ifupishwe na kile chuma kinachobeba giaboksi kisogezwe nyuma. Msidhani 200-4R ni ya wanyonge kwa sababu namba yake ni ndogo. Ndiyo iliyokuwa kwenye Buick Grand National.

Lakini 700R4 inapatikana kwa wingi na mafundi wengi wanaijua, hasa za kuanzia 1987 ambazo udhaifu wa mwanzo ulikuwa umerekebishwa. Fundi aliye karibu naye alikuwa nayo moja tayari imejengwa upya. Akaichukua. Sikumkataza, na hilo silijutii.

Ninalojutia ni hili. Niliandika programu fupi, mistari kama arobaini. Unaingiza saizi ya tairi, uwiano wa difu, uwiano wa gia na mwendo, inakupa mizunguko ya injini. Tairi zake za nyuma ni 255/60R15. Programu ikasema kwamba akiwa na 700R4 na difu yake ile ile ya 2.73, kwa kilomita 120 kwa saa injini itazunguka 2,430 hivi. Namba nzuri kabisa, juu kidogo ya pale kemshafti yake inapoanza kuimba. Nikamwandikia: difu usiiguse, hifadhi pesa zako.

Wiki hiyo hiyo kulikuwa na mtu Texas kule aliyekuwa anauza ekseli nzima ya nyuma kutoka Chevelle ya 1972, ile ya boliti kumi yenye krauni ya inchi 8.5, ina 3.73 na ina Positraction, kwa bei ya kujuana. Binamu aliniuliza mara mbili. Mara mbili nikamwambia aachane nayo.

Kulikuwa na dalili, nami nikaipuuza. Programu ilisema kwamba na giaboksi yake ya zamani, kwa mwendo huo, injini inazunguka 3,470. Binamu akasema, "Mbona haisikiki kama 3,400?" Malibu yake haikuwa na mita ya mizunguko. Nikamjibu kwamba masikio si kipimo. Sentensi hiyo nimeisoma tena na tena kwenye simu yangu na kila mara natamani kuifuta.

Giaboksi ikafungwa. Akaingia barabarani, gia ya nne ikaingia, na gari likaanza kutetemeka. Akikanyaga mafuta inarudi ya tatu, akiachia inaingia ya nne na kutetemeka tena. Mwisho akawa anaweka mkono wa gia kwenye tatu na kuuacha hapo, ambapo mizunguko ilikuwa ile ile ya zamani. Tuwe wa haki, hakukosa kila kitu: gia ya kwanza ya 3.06 ilimpa 8.35 badala ya 6.88, na gari liliondoka vizuri zaidi. Lakini ovadraivu, kitu alichokilipia, ikawa pambo. Hakunigombeza. Aliniandikia tu, "Kaka, nadhani kuna kitu hakijakaa sawa." Angenigombeza ningejisikia nafuu.

Nilikaa na msimbo wangu usiku mzima na sikuona kosa. Asubuhi nilikwenda kwa fundi wa mtaani kwetu anayefungua difu za matatu, mtu ambaye mikono yake haijawahi kuwa safi tangu nimjue. Nikamweleza. Hakuuliza habari za giaboksi. Aliuliza, "Wewe wa kompyuta, tairi ulipima ama ulisoma?"

Nikasema nilisoma. Akacheka, akachukua chaki. Akachora mstari kwenye tairi ya gari lililokuwa pale na kwenye sakafu, akatuita watu wawili tukalisukuma hadi mstari ukarudi chini, akachora tena, akavuta futi. "Hiyo ndiyo tairi yako. Hizo zingine ni maandishi." Kisha akanionyesha jinsi anavyojua difu bila kuifungua: inua gurudumu zote mbili za nyuma, zungusha zote pamoja mzunguko mmoja, hesabu propela imezunguka mara ngapi. Ukiifungua, hesabu meno. Krauni ya meno 41 na piniani ya meno 15 ni 2.73. Meno 41 kwa 11 ni 3.73.

Niliporudi nyumbani kosa nililiona kwa dakika moja. Katika 255/60R15, ile 60 ni asilimia. Ubavu wa tairi ni asilimia 60 ya milimita 255, yaani 153. Programu yangu iliichukua kama milimita 60. Kwa hesabu yangu tairi ilikuwa na kipenyo cha milimita 501, wakati ukweli ni 687. Tairi ya toroli, ndugu zangu. Kwa kipenyo sahihi, difu ya 2.73 na gia ya 0.70 kwa kilomita 120 ni mizunguko 1,770 tu, chini kabisa ya pale injini yake inapojitambua. Na ile ya gia tatu haikuwa 3,470. Ilikuwa 2,530. Masikio ya binamu yalikuwa kipimo kizuri kuliko mistari yangu arobaini.

Nilimpigia nikamweleza yote, na nikamtumia nusu ya gharama ya kilichofuata kwa awamu. Alikataa awamu ya kwanza, akapokea ya pili.

Basi tukaanza upya, safari hii kutoka chini. Alipima tairi kwa chaki, akapata mita 2.09 kwa mzunguko. Hesabu ya kipenyo inatoa 2.16, lakini tairi iliyobeba gari hubonyea, hivyo chaki ndiyo ya kuaminiwa. Kwa difu ya 3.73 na ovadraivu inakuwa kama 2,500 kwa kilomita 120, na gia ya kwanza inakuwa 11.41 badala ya 8.35. Hiyo ndiyo jozi aliyostahili tangu mwanzo.

Hapo difu yake ya asili ikatukatalia. Ilikuwa ya boliti kumi ya inchi 8.2, na kerieri inayobeba krauni ya 2.73 haikubali krauni ya 3.73, kwa hiyo angehitaji kerieri mpya, krauni na piniani mpya, beringi, na fundi wa kupanga nafasi ya meno kwa vipimo vya elfu za inchi. Zote hizo ndani ya ekseli ambayo haina sifa ya uvumilivu. Ni kama kuongeza vyumba juu ya nyumba ya udongo.

Watu wote aliowauliza walimwambia kitu kimoja: nunua Ford ya inchi 9. Nimechoka na jibu hilo. Sikatai kwamba ni difu bora. Ford waliitumia kuanzia 1957 hadi 1986, piniani yake ina beringi ya ziada inayoishika kwenye ncha, na moyo wake wote unachomolewa kwa mbele, hivyo mwenda mashindano anabadilisha uwiano mchana na kurudi uwanjani. Hafushafti zake pia hazishikwi na kile kipande kidogo chenye umbo la C kama zile za Chevrolet, ambako hafushafti ikikatika gurudumu linaweza kutoka pamoja nayo. Lakini piniani yake imekaa chini sana ya katikati ya krauni, meno yanasuguana zaidi, na sehemu ya nguvu yako inageuka joto. Kwa injini ya farasi mia tatu hivi na tairi za barabarani, unalipa bei ya silaha kwa kazi ya kisu. Dana 60 yenye krauni ya inchi 9.75 ni hivyo hivyo, tena ni nzito. Ile ya boliti 12 ya Chevrolet yenyewe, ya inchi 8.875, ingekuwa sahihi kabisa kwa gari hili, lakini ndiyo iliyokuja kwenye SS, kwa hiyo wakusanyaji wamepandisha bei yake. Na anayeitafuta kwa bei ya chini aangalie asiuziwe ya pikapu, kwani kwa nje zinafanana lakini piniani ya pikapu ni nyembamba.

Nitawaambia kwa nini sikuogopa ile ya 8.5. Kinachovunja difu si injini peke yake. Ni injini pamoja na tairi inayokataa kuteleza. Tairi ni fyuzi. Chevelle ina kama kilo 720 juu ya ekseli ya nyuma ikiwa imesimama. Tairi za barabarani zinaweza kushika kwa nguvu ya mzunguko ya takribani Nm 2,000 kabla ya kuteleza, na kidogo zaidi uzito unapohamia nyuma. Injini ikitoa Nm 400, hata ile jozi dhaifu ya 6.88 ilikuwa tayari inapeleka zaidi ya 2,700 nyuma. Maana yake tairi inateleza kabla chuma hakijaumia. Mtu akifunga tairi laini za mashindano, fyuzi imeondolewa, na hapo ndipo hafushafti hukatika na mwenye gari hulaumu difu. Grand National, ambayo hakuna anayeiita dhaifu, ilitumia difu ya 8.5 hadi 1987.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwamba kwa kuondoka tu, binamu hakuhitaji gia nyepesi zaidi kama alivyohitaji difu inayosukuma magurudumu yote mawili. Difu ya kawaida hulipa gurudumu lenye mshiko sawa na lile lisilo nao. Na ekseli nzima ya aina hii, propela ikijipinda kwa nguvu, huinua kidogo gurudumu la kulia, kwa hiyo ndilo linaloteleza. Ndiyo maana gari lake lilikuwa linaacha mstari mmoja mweusi barabarani. Mtu akiniuliza leo atumie pesa yake ya kwanza wapi, nitamwambia tairi nzuri na Positraction, kisha uwiano wa difu pamoja na ovadraivu kwa siku moja, kisha breki. Injini ingoje. Ni kama kazini kwetu: seva inasuasua, mkubwa anaagiza kumbukumbu zaidi, na tatizo ni swali moja kwenye hifadhidata lililoandikwa vibaya na mtu kama mimi.

Ekseli ile ya kwanza ilikuwa imeshauzwa. Ilichukua miezi saba kupata nyingine, kutoka gari la 1971, nayo ilikuwa ghali zaidi, na sikusema neno. Iliingia bila kuchomelewa chochote kwa sababu Chevelle za 1968 hadi 1972 zina mishikio sawa. Kazi kubwa ilikuwa pembe za propela. Mshipi wa giaboksi na piniani lazima zielekee sambamba, moja ikiteremka kiasi ambacho nyingine inapanda, la sivyo krosi zinatetemesha gari lote na utadhani tairi. Na ile kebo inayotoka kwenye kabureta kwenda 700R4, msiichezee. Haibadilishi gia tu, inaamua shinikizo la oili ndani. Ikilegea, giaboksi iliyojengwa upya inaungua klachi zake kwa safari chache. Binamu alinunua kipande maalum cha kabureta ili kebo ivutwe kwa pembe sahihi, akapima shinikizo kwa geji, hakukadiria kwa jicho.

Kwa krauni mpya aliambiwa aendeshe polepole mwanzoni, asimame difu ipoe, na abadilishe oili baada ya maili 500. Yuko kwenye maili 340 leo. Gia ya nne inaingia na kukaa. Mita ya mizunguko, kwa maana sasa anayo, inasoma kati ya 2,450 na 2,550 kwa maili 75, konvata ikiwa imefunga.

Shangazi yuko huko kwa matembezi. Jumapili alibebwa kiti cha mbele kwenda kanisani na nilitumiwa video. Kuna kitu tulisahau sote wawili: spidomita inaendeshwa na gia ndogo ya plastiki kwenye mkia wa giaboksi, na hiyo bado inadhani difu ni 2.73. Kwa maili 75 inasoma 102. Shangazi ameuona mshale umepita mia moja, amefumba macho, anaomba kwa sauti, na binamu anajaribu kumweleza habari za asilimia 37. Gia ya plastiki inafika wiki ijayo.